Nta ya Sikio: Maana ya Jina, Kazi Yake na Magonjwa Yanayojificha Nyuma Yake

Jioni, mchimbaji anaporudi kutoka mwaloni na mkulima anaporudi kutoka shambani, kazi ya kujisafisha huanza. Miguu huoshwa, uso huoshwa, na katika kaya nyingi za Shinyanga na Geita hutafutwa kijiti cha kiberiti, unyoya wa kuku, pini ya nywele au kifuniko cha kalamu ili masikio nayo yachokonolewe. Kinachotoka hutazamwa kidogo, hufutwa kwenye kitambaa, na mwenye sikio huridhika kwamba ameondoa uchafu.

Ridhaa hiyo inastahili kuchunguzwa. Kitu kilichotolewa hakikuwa uchafu, na mara nyingi sehemu kubwa yake haikutoka bali ilisukumwa ndani zaidi. Makala haya yanaeleza kitu hicho ni nini, kwa nini kinaitwa nta, kina kazi gani, na jinsi ya kukitofautisha na magonjwa mawili ambayo wananchi huyadhania kuwa ni nta: usaha wa sikio na uziwi unaoletwa na kelele. Kosa la kuchanganya mambo hayo matatu limewagharimu watu usikivu wao.

Majina mawili ya kitu kimoja

Kiswahili kimevipa vitu vingi vitokavyo mwilini majina mahususi. Kitokacho machoni asubuhi ni tongotongo, kitokacho puani ni kamasi, kinachoshika menoni ni ukoga, na kinachopanda kutoka kifuani ni kohozi. Kitokacho sikioni hutajwa kwa maneno yaliyounganishwa, na maneno hayo hutofautiana kulingana na msemaji. Nyumbani wengi husema uchafu wa masikio au taka za masikio. Katika zahanati, mhudumu husema nta ya sikio.

Majina hayo yanaonekana kuwa na maana moja, lakini kila moja limebeba agizo lake. Uchafu ni kitu cha kuondolewa. Taka haina mahali pake ndani ya nyumba. Hufagiliwa na kutupwa. Nta ni mali. Wafugaji wa nyuki wa Bukombe, Mbogwe na Ushetu, wanaotundika mizinga katika misitu ya miombo, wanajua kwamba asali ikishakamuliwa, masega hayatupwi. Huchemshwa na kuchujwa, na nta iliyoganda huuzwa. Wanajua pia tabia zake: hulainika ikipata joto, vumbi hunata juu yake, na maji hayapenyi ndani yake.

Tabia hizo ndizo zilizolipa jina tope hilo la sikioni, na si katika Kiswahili peke yake. Neno la kitabibu linalotumiwa na madaktari duniani, serumeni, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya nta. Waingereza nao huita nta ya sikio. Wajerumani walitazama zaidi ulaini wake, wakaita shahamu ya sikio. Wajapani, kwa upande wao, wana neno lenye maana ya nongo ya sikio, jambo linaloonyesha kwamba mvutano kati ya nta na uchafu haupo Usukumani tu.

Hata hivyo, jina nta ni la mfano. Nta ya sikio haifanani na ya nyuki kwa vitu vinavyoiunda. Sehemu yake kubwa ni chembe za ngozi iliyokufa. Chembe hizo huchanganyika na mafuta yanayotoka katika tezi ndogo sana zilizomo kwenye ngozi ya sehemu ya nje ya tundu la sikio, kisha hunasa vumbi na vinyweleo. Rangi yake huanzia manjano ya asali hadi kahawia iliyokolea, na huzidi kukolea kadiri inavyokaa. Rangi hiyo peke yake si dalili ya ugonjwa.

Nta ni ya aina mbili: nyevu yenye kunata, na kavu yenye magamba ya kijivu. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walitangaza kwamba tofauti hiyo hurithiwa kutoka kwa wazazi kupitia jeni moja. Watu wengi wa asili ya Afrika wana nta nyevu, na wengi wa Asia ya Mashariki wana nta kavu. Mtu wa Kahama au Nyarugusu anayeona nta laini ya kahawia katika sikio lake anaona urithi wake, hana sababu ya kuona aibu.

Sikio halina mlango

Jicho lina kope za kulifunga, na kinywa kina midomo. Sikio limeachwa wazi usiku na mchana. Tundu lake, ambalo kwa mtu mzima lina urefu wa takriban sentimita 2.5, ni njia iliyopinda kidogo inayoishia kwenye kiwambo cha sikio. Kiwambo ni utando mwembamba uliowambwa mfano wa ngozi ya ngoma, na hutetemeka sauti inapokigonga. Nyuma yake kuna mifupa mitatu, iliyo midogo kuliko mingine yote mwilini, inayopokea mtetemo huo na kuupeleka ndani, ambako chembe laini za usikivu huugeuza kuwa ujumbe wa ubongo.

Njia iliyo wazi kiasi hicho inahitaji mlinzi, na mlinzi huyo ni nta. Unato wake hunasa vumbi kabla halijafika kwenye kiwambo, iwe ni vumbi la barabara za Shinyanga wakati wa kiangazi au unga wa mawe unaorushwa na karasha. Mafuta yake huzuia maji ya kuoga yasiloweshe ngozi ya ndani. Ukali wake mdogo wa tindikali, pamoja na vimeng'enya vilivyomo, huwapunguzia nguvu bakteria na fangasi. Wadudu wadogo nao hukwama ndani yake. Sikio lililoondolewa nta yote hukauka, huwasha na kupasuka ngozi. Na muwasho huo humfanya mtu achokonoe zaidi, akidhani bado kuna uchafu.

Mlinzi huyu hujiondoa mwenyewe zamu yake ikiisha. Ngozi ya sehemu nyingine za mwili huchakaa na kudondoka mahali ilipo. Ngozi ya tundu la sikio husafiri: huanza katikati ya kiwambo na kusogea polepole kuelekea nje, mfano wa mkanda unaobeba mawe kutoka kwenye kinu. Nta hubebwa juu ya mkanda huo. Mtu anapotafuna au kuzungumza, mwendo wa taya hulegeza nta iliyokauka na kuisaidia kutoka. Kinachofika mlangoni hudondoka chenyewe au huondolewa kwa kitambaa chenye maji kilichozungushwa kwenye kidole, bila kuingiza kitu chochote tunduni. Huo ndio usafi wote ambao sikio zima linahitaji, la mtu mzima na la mtoto.

Kijiti hufanya nini

Kijiti kinapoingia hukutana na mkanda unaosafiri kuelekea nje. Nta kidogo hushika ncha yake na kutoka, na hiyo ndiyo inayomshawishi mtu kwamba kazi imefanyika. Iliyobaki husukumwa nyuma, mahali ambapo tezi za nta hazipo na ambako isingefika yenyewe. Tendo hilo likirudiwa wiki baada ya wiki, nta hushindiliwa mpaka ikawa kizibo. Hivyo mtu mwenye bidii kubwa ya kusafisha masikio anaweza kuwa ndiye anayeziba masikio yake.

Madhara mengine mawili hufuata. Ngozi ya tundu la sikio ni nyembamba na imelala karibu sana na mfupa. Mkwaruzo mdogo hufungua njia ya vijidudu, na fangasi hupenda jeraha lenye unyevu na joto. Dhara la tatu ni la ghafla: mtoto anapogongana na mkono wa anayejichokonoa, au mwenye kijiti anapogutushwa, ncha inaweza kutoboa kiwambo.

Vijiti vya pamba havina usalama zaidi katika jambo hili. Pamba ya Kishapu imesomesha watoto na kujenga nyumba, na hakuna anayeidharau. Lakini pamba iliyozungushwa kwenye kijiti hufanya kazi ya mshindilio. Pakiti nyingi za vijiti hivyo huwa na onyo lisilosomwa linalokataza kuviingiza ndani ya tundu la sikio. Kiswahili kina usemi wa kutia pamba masikioni, yaani kukataa kusikia. Kijiti cha pamba kinaweza kuufanya usemi huo kuwa kweli.

Vivyo hivyo, vitu vinavyomiminwa sikioni kwa ushauri wa jirani, kama vile mafuta ya taa, mkojo, maziwa ya mama au maji ya majani yaliyotwangwa, haviondoi nta. Vingine huunguza ngozi, vingine hulisha vijidudu, na iwapo kiwambo kimetoboka, vyote hupita hadi sehemu ya ndani ambako havikupaswa kufika. Mishumaa ya masikio inayotangazwa kuwa huvuta nta haivuti chochote. Imewahi kuunguza watu na kudondosha nta yake yenyewe sikioni.

Nta inapoziba kweli

Kuna watu ambao nta huwaziba hata kama hawajichokonoi. Wazee ni miongoni mwao, kwa kuwa nta hukauka kadiri umri unavyosonga na vinyweleo vya sikio huongezeka. Wengine ni wenye tundu jembamba, wanaovaa vifaa vya kusaidia kusikia, na wanaoweka vizibo au spika za masikioni kwa saa nyingi kila siku. Mchimbaji anayevaa vizibo vya kuzuia kelele asiviache kwa hofu ya nta. Avioshe na kuvikausha kila siku, na masikio yake yakaguliwe mara kwa mara.

Dalili za kuziba ni sikio kuhisi limejaa, usikivu kupungua, mvumo ndani ya sikio, maumivu kidogo, na pengine kizunguzungu. Wengine hupata kikohozi kikavu, kwa sababu mshipa wa fahamu unaohudumia tundu la sikio ni tawi la ule unaohudumia koo na kifua. Mara nyingi dalili huja ghafla baada ya kuoga au kuogelea, kwa kuwa maji yameivimbisha nta iliyokuwa imebakiza nafasi ndogo tu. Mtu husikia sauti yake mwenyewe ikivuma kichwani kana kwamba anazungumza ndani ya pipa.

Tiba yake ni nyepesi mikononi mwa mwenye ujuzi. Kwanza mhudumu huchungulia kwa kifaa chenye taa ili kuhakikisha kwamba kinachoziba ni nta na kwamba kiwambo ni kizima. Kisha nta hulainishwa kwa matone, kama vile ya mafuta ya zeituni, gliserini au maji ya magadi yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa siku 3 hadi 5. Mara nyingi hatua hiyo peke yake hutosha. Isipotosha, sikio husafishwa kwa maji yenye joto la mwili, yaani takriban nyuzi 37, yanayosukumwa taratibu, au nta huondolewa kwa ndoano maalumu au mashine ya kunyonya. Maji ya baridi huleta kizunguzungu kikali. Sikio linalotoa usaha, au lenye kiwambo kilichotoboka, halisafishwi kwa maji kabisa. Ndiyo sababu kuchungulia hutangulia.

Watoto wana hatari yao ya peke yake. Punje ya mahindi, harage au shanga ikiingia sikioni, mzazi asijaribu kuitoa kwa kijiti wala kumimina maji, kwa kuwa punje na harage huvimba zikilowa na kukwama zaidi. Betri ndogo ya mviringo ya saa au ya mwanasesere ni dharura: huunguza nyama ya sikio ndani ya saa chache, na mtoto apelekwe hospitali bila kusubiri kesho. Mdudu aliye hai hutulizwa kwa matone machache ya mafuta ya kula yasiyo ya moto, iwapo sikio halina historia ya usaha, kisha mgonjwa hupelekwa kituoni ili atolewe.

Mtoto aliyezibwa na nta huweza pia kuhukumiwa kwa kosa asilolitenda. Anaitwa haitiki, anatumwa chumvi analeta sukari, darasani anaandika tofauti na kilichosomwa. Nyumbani huitwa mkaidi na shuleni huitwa mzito. Watafiti Minja na Machemba, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu wanafunzi wa shule za mjini na vijijini Dar es Salaam, waliihesabu nta iliyoziba pamoja na ugonjwa wa sikio la kati na upungufu wa usikivu, kwa sababu yote matatu hukutwa katika masikio ya wanafunzi. Kabla mtoto hajaadhibiwa kwa kutosikia, ni haki yake masikio yakaguliwe.

Kinachovuja si nta

Methali isemayo kwamba sikio la kufa halisikii dawa ilikusudiwa kwa wakaidi, lakini kuna masikio yanayokufa kwa sababu dawa ilichelewa. Chanzo kikubwa ni usaha unaoachwa uvuje kwa miezi, wakati mwingine miaka, huku familia ikisema kwamba mtoto ana masikio machafu tu.

Tofauti ni ya wazi kwa anayetazama. Nta hainuki vibaya, haidondoki kama maji, na haiachi alama ya majimaji kwenye mto. Usaha huvuja, huwa wa manjano, kijani au wenye damu, na mara nyingi hunuka. Kwa kawaida hautoki katika tundu la nje. Hutoka nyuma ya kiwambo, baada ya vijidudu vya mafua na koo kupanda kupitia mrija unaounganisha koo na sikio. Maji ya kuoga hayausababishi kwa mtu mwenye kiwambo kizima. Shinikizo la usaha hutoboa kiwambo, maumivu hupungua, na mzazi hudhani mtoto amepona, ilhali ugonjwa umefungua mlango.

Kwa mujibu wa mwongozo wa tiba za watoto unaofuatwa na wahudumu wa afya, sikio lililotoa usaha kwa siku 14 au zaidi lina ugonjwa sugu. Matibabu yake hujumuisha kukausha sikio kwa utambi wa kitambaa safi au pamba inayofyonza, mara kadhaa kwa siku, na kutia matone yaliyoandikwa na mtaalamu. Utambi hulazwa mlangoni ufyonze. Hausukumwi wala hauzungushwi, na mama hufundishwa namna ya kuufanya. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, homa kali, shingo kukakamaa au uso kupinda upande mmoja ni dalili za hatari, kwa kuwa usaha unaweza kufika kwenye mfupa na hata kwenye ubongo. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kelele ambayo hakuna kijiti kitakachoitoa

Jambo la tatu linalodhaniwa kuwa nta ni uziwi wa kelele. Huu ni ugonjwa wa ukanda huu hasa, ukanda wa makarasha, mashine za kuchoronga, kompresa na baruti, kuanzia Mgusu na Rwamgasa hadi maeneo ya uchimbaji ya Msalala na Kahama. Mchimbaji anaposema kwamba masikio yake yamejaa uchafu kwa sababu hasikii vizuri, huenda tundu la sikio ni safi kabisa. Kilichoharibika ni zile chembe laini za usikivu zilizo ndani, na zikishakufa hazioti tena.

Wataalamu hupima ukubwa wa sauti kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida hufikia takriban 60. Kiwango cha 85 kinahesabiwa kuwa salama kwa saa 8 tu kwa siku, na kila kinapoongezeka kwa desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu: saa 4 kwa 88, saa 2 kwa 91, saa 1 kwa 94, na dakika 15 tu kwa 100. Asiye na kipimo ana njia rahisi ya kukadiria. Iwapo watu wawili waliosimama umbali wa mkono mmoja wanalazimika kupaza sauti ili wasikilizane, kelele ya mahali hapo tayari inadhuru.

Uziwi huu huja polepole na kwa kawaida katika masikio yote mawili. Zinazotangulia kupotea ni sauti nyembamba: mlio wa ndege, sauti za watoto, na herufi kama s, f na sh. Mtu husikia kwamba anasemeshwa lakini hashiki maneno, hasa penye watu wengi. Baada ya kazi masikio huvuma. Asubuhi mvumo hutulia, naye hudhani amepona. Kuziba kwa nta, kinyume chake, mara nyingi huwa kwa sikio moja, huja ghafla, na huondoka nta ikitolewa. Jibu la hakika ni la kuchunguzwa, na mtu asilikisie kwa kijiti.

Kwa kuwa uziwi wa kelele hauna tiba ya kurejesha kilichopotea, ulinzi ndiyo dawa. Karasha liwekwe mbali na mahali pa kupikia na kulala. Wafanyakazi wapokezane zamu, mashine zifungwe vizuri na kupakwa mafuta, na kila anayesimama karibu avae vizibo au vikinga masikio. Pamba iliyochomekwa au karatasi iliyosokotwa haikingi inavyotakiwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake, na usimamizi wake uko chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Mwenye karasha aliyeajiri vijana watatu ni mwajiri kama wengine.

Mahali pa kwenda

Huduma za masikio huanza katika zahanati ya kijiji. Mgonjwa anayehitaji uchunguzi zaidi huelekezwa kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya na hospitali ya rufaa ya mkoa. Matatizo yanayohitaji upasuaji au vipimo vya kina vya usikivu hupelekwa kwa madaktari bingwa wa masikio, pua na koo, wakiwamo wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza. Anayepewa barua ya rufaa aende nayo mapema. Mwenye kadi ya bima aibebe. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwaweka watoto wenye umri chini ya miaka 5 na wazee wasio na uwezo miongoni mwa makundi yanayosamehewa malipo, hivyo gharama isiwe sababu ya kumwacha mtoto avuje usaha nyumbani.

Kwa mtoto ambaye usikivu wake umekwisha kupotea, mlango wa elimu haujafungwa. Shule ya Msingi Buhangija mjini Shinyanga ni miongoni mwa shule zinazopokea watoto viziwi, na lugha ya alama humfungulia mtoto darasa na jamii. Kadiri mzazi anavyofika mapema kwa wataalamu, ndivyo mtoto anavyopata lugha mapema.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na kwamba takriban asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto una sababu zinazoweza kuzuiwa. Siku ya Usikivu Duniani huadhimishwa kila tarehe 3 Machi. Tarakimu hizo mbili, 3.3, zilichaguliwa kwa kuwa zinafanana na masikio mawili. Hata hivyo, mzazi hana haja ya kungoja Machi kumkagua mtoto wake. Anaweza kusimama nyuma yake, amwite kwa sauti ya chini, na kutazama kama anageuka.

Wakazi wa kata wanashauriwa kuyashika mambo matatu. Nta iliyotulia sikioni iachwe ifanye kazi yake. Kinachovuja au kunuka kipelekwe zahanati. Na usikivu unaopungua mwaka hadi mwaka kando ya karasha usiitwe uchafu, maana jina hilo humpa mtu kijiti mkononi wakati anachohitaji ni kipimo na kikinga masikio.